Neno la Siri la Mzee Baqir

Kuna watu ukiwaita wanakunja uso, na kuna watu ukiwaita wanachangamka. Mzee Baqir alikuwa wa kundi la pili. Yeye akiwa chini kwenye chumba chake cha nyaya, ukimwita kutoka ghorofani ungesikia kwanza kiti kikiburutwa, halafu kobazi zake ngazini, na kabla hajafika mlangoni ameshauliza ni nani tena amefungiwa nje.

Jovina alizijua zile kobazi tangu wiki yake ya kwanza pale Chang'ombe. Kiwanda kilikuwa cha ndoo na mabeseni, mali ya familia ya marehemu Haiderali, na ukisimama getini usingedhani kwamba juu ya zile mashine zinazonguruma kuna watu kumi na mmoja wanaoandika programu za kompyuta. Lakini walikuwepo. Ndio waliotengeneza mfumo wa oda, wa stoo na wa magari ya kupeleka mzigo mikoani, na kila badiliko walilofanya walilihifadhi kwa Git. Usiogope jina. Git ni daftari la kumbukumbu la mafundi programu: nani kabadili nini, lini, na kwa nini. Na daftari lenyewe halikukaa kiwandani, lilikaa kwenye seva huko nje, kwenye intaneti.

Sasa kutoka nje ndiyo ilikuwa ishu. Mtandao wa kiwanda ulikuwa na proksi, yaani kompyuta moja inayokaa mlangoni na kumhoji kila anayetoka. Mzee Baqir aliifunga kwa mikono yake na kuipa jina la Bawabu. Git yako isipojua kwamba kuna Bawabu, itagonga ukuta mpaka ichoke. Lazima uiambie: pitia kwa Bawabu, mpe jina, mpe neno la siri, ndipo akufungulie. Maelezo hayo yanaandikwa kwenye kompyuta mara moja na yanabaki humo. Kompyuta ikiwa mpya, au ikifutwa na kuwekwa upya, unaanza tena.

Na kwa miaka yote hiyo, aliyekuwa anayaandika ni mtu mmoja. Ulimwita, alikuja, akakwambia utazame dirishani kidogo. Nawe ukatazama dirishani, ukasikia vidole viwili vikidonoa vibonye, kisha akasema tayari. Hakuna aliyewahi kufungua na kuchungulia alichokiandika. Ungewezaje? Mtu mzima amekwambia utazame dirishani, wewe ugeuze shingo? Gibson, aliyekuwa hodari kuliko wote mle ndani, alisemaga kwamba angeweza kuyaona kwa amri moja tu, sekunde mbili, ila mama yake hakumlea hivyo. Heshima si utumwa, wanasema, lakini pale ilikuwa imeshafunga macho ya watu kumi na mmoja wenye digrii.

Basi ikafika wiki ya mwisho ya Mzee Baqir. Miaka sitini na saba, magoti yamechoka, binti yake Zarin ameshamwandalia chumba Boko. Ijumaa saa sita mchana angekabidhi funguo, na akaunti yake ingefungwa saa hiyo hiyo. Jumatatu inayofuata wangekuja wakaguzi wa usalama wa mitandao, watu wa nje, walioombwa na mteja mmoja mkubwa. Hadi, mjukuu wa Haiderali na ndiye bosi wa sasa, akaona jambo ambalo baba zake hawakuliona: kwamba mlango mzima wa kiwanda umo kichwani mwa mzee mmoja. Akamwita Jovina.

Jovina hakuwa fundi programu. Alisomea ualimu wa Kiswahili, ajira zikagoma, akatoka kwao Muleba na kuingia pale kama karani. Lakini barua zake zilieleweka mara ya kwanza, jambo ambalo wale wa ghorofani na digrii zao hawakuliweza. Hadi alimtaka akae na Ami Baqir, kama mwenyewe alivyomwita, aandike mwongozo wa mipangilio ya proksi kwa ajili ya Git, hatua kwa hatua, ili mtu yeyote aufuate bila kumwita mtu. Uwe tayari kabla ya Ijumaa saa sita.

Bila kumwita mtu. Maneno hayo Jovina aliyabeba mpaka kwenye chumba cha nyaya, na alipoyatamka tu mbele ya mzee alijua amekosea kuyasema. Mzee Baqir alimtazama juu ya miwani. Halafu akamsogezea kiti, akammiminia chai kutoka kwenye chupa yake, wakaanza. Hakuwa mtu wa kinyongo.

Jumatatu nzima waliandika. Alikuwa mwalimu mzuri, jamani, mwalimu mzuri kweli. Alimweleza Jovina tofauti ya kuiambia Git kwa kazi moja na kuiambia kwa kompyuta nzima. Alimwonyesha anwani za ndani zisizopaswa kusumbua Bawabu, na namna ya kufuta maelezo ya zamani kabla ya kuweka mapya, maana ukiweka mapya juu ya mabovu unajitafutia presha. Jovina aliuliza maswali ya mtu asiyejua, na mzee aliyafurahia kuliko ya wanaojua. Ila kila walipofika kwenye jina na neno la siri, mzee alikohoa, akamwambia hapo aandike: mwite Baqir. Mara ya kwanza Jovina alicheka. Mara ya tatu aliacha kucheka.

Jumanne asubuhi alikaa mbele ya kompyuta yake, ambayo mzee alikuwa amemtengenezea wiki mbili nyuma, alipopewa kazi ya kuhifadhi nyaraka za mafundi kwa Git, huku yeye akitazama dirishani. Hatua ya kwanza ya mwongozo wake mwenyewe ilisema: tazama kwanza kuna nini. Basi ni kazi, akajiambia, si kuchungulia. Hata hivyo aliangalia mlangoni kabla ya kuandika amri.

git config --global --get http.proxy

Kompyuta ikamjibu kwa mstari mmoja.

http://baqir:Sukaina1984@bawabu:3128

Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha jana yake jinsi ya kuusoma mstari kama ule. Kwanza jina, halafu nukta mbili, halafu neno la siri, kisha mlango wa kutokea. Kwa hiyo Jovina, binti wa Mwalimu Leodegar wa Muleba, kwa wiki mbili alikuwa akipita kwa Bawabu akijiita Baqir. Alimfuata Gibson, akamwomba atazame ya kwake na asimwambie mtu. Gibson alisita, akatazama, akakuna kichwa. Ilikuwa vile vile. Wakazipitia taratibu kompyuta zote za mafundi wakati wenzao wako kwenye chai. Zote kumi na moja zilikuwa Baqir kama ya Jovina, na neno la siri moja.

Fikiria mwenyewe. Ijumaa saa sita akaunti ikifungwa, kazi yote ya ghorofani ingesimama. Hilo lingetengenezwa siku moja, likasahaulika. La Jumatatu ndilo lisingesahaulika. Neno la siri linalotumiwa na watu wengi ni kitu cha kwanza mkaguzi anachokitafuta, na wangelikuta na jina la mwenyewe limeandikwa mbele yake. Mtu aliyevuta waya wa kwanza mle ndani, miaka ishirini na saba hajawahi kuchelewa, angeagwa na ripoti inayosema amevunja utaratibu.

Na Jovina alimpenda yule mzee, tuseme ukweli. Baba yake alipofariki, yeye akiwa na mwezi mmoja tu kazini, Mzee Baqir alimpigia simu Muleba kila jioni mpaka matanga yakaisha. Mama yake alifika mahali akauliza huyo Mhindi ni nani, mbona anajua kumpa mtu pole kuliko wajomba zake.

Angeweza kwenda kwa Hadi. Ndiye aliyemtuma. Lakini miguu ilimpeleka chini, kwenye chumba cha nyaya. Alisalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akabaki amesimama.

"Mzee," alisema, "sikutazama dirishani."

Mzee Baqir alielewa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa haikuwa na uchafu. Kisha akamweleza. Proksi ya zamani ilikuwa na akili ya kushika jina moja tu, hivyo akaweka lake, na wote wakapita humo. Hapakuwa na ubaya. Mwaka 2016 ikaja hii mpya, inayoweza kumpa kila mtu jina lake, na alikuwa amepanga kufanya hivyo. Ila mwaka huo mkewe alianza kwenda hospitali. Sukaina ni mkewe. Walioana mwaka 1984. Akasema ngoja apone kwanza. Baada ya miaka miwili akamzika.

"Kaburini jina lake limeandikwa mara moja," alisema Mzee Baqir. "Nyumbani hakuna wa kumwita. Hapa, nyie mkiniita, mie naliandika. Wiki nyingine mara tatu, wiki nyingine mara saba. Nilijua ni kosa, mama. Kila siku nasema kesho."

Jovina alilia. Mzee akamtafutia tishu kwenye droo yenye plagi na bisibisi, na kwa muda yeye mwenye msiba ndiye akawa mbembelezaji. Walipotulia, Jovina akamwambia ya Ijumaa na ya Jumatatu. Mzee alikuwa na mpango wake, kumbe: vijana wakikwama watampigia, naye atachukua usafiri kutoka Boko na kuja kuandika. Jovina akalazimika kumwambia kitu ambacho fundi yule alikuwa anakijua kuliko yeye, ila moyo wake ulikataa kukihesabu. Akaunti ikifungwa, hata akija, lile neno halitafungua kitu.

"Hata mie sitapita," mzee alirudia polepole. Akavaa miwani, akasimama. Jovina alitaka waende wote kwa Hadi, akamkatalia. Mficha uchi hazai, akasema, akashika ngazi peke yake.

Alikaa ofisini kwa Hadi karibu nusu saa. Waliyoyazungumza wanayajua wenyewe, lakini meza ya Mauwa, dada wa mapokezi, iko ubavuni mwa mlango ule, na Mauwa masikio anayo. Alisimulia kwamba kwanza Hadi alipandisha sauti, na si kidogo. Kisha ikawa sauti ya mzee peke yake, chini chini. Kisha Hadi akafungua mlango, macho mekundu, akaomba chai mbili, na moja isiwe na sukari. Mzee alipotoka alikuwa na maagizo. Kosa litaandikwa kwenye rejesta ya usalama, kwamba mwenyewe amelisema na mwenyewe amelirekebisha. Kila mtu apewe jina lake kwa Bawabu. Na kila kompyuta isafishwe kabla ya Ijumaa saa sita, kwa mkono wa Ami Baqir.

Jumatano na Alhamisi alizunguka meza kwa meza, Jovina nyuma yake. Ilikuwa kazi ndogo. Unatazama kilichopo, unakifuta, unamwachia mwenye kompyuta aandike jina lake na neno lake. Lakini kila alipotazama kilichopo, mstari ulimtokea na jina la mkewe ndani, na ilibidi aufute. Alichukua muda wake. Hakuna aliyemwambia Jovina atazame dirishani, ila mara zote kumi na mbili, hata kwenye kompyuta yake mwenyewe, alitazama dirishani. Gibson, ambaye kompyuta yake ilikuwa ya mwisho, alisema anakwenda kununua vocha, akakaa huko robo saa nzima.

Mwongozo nao ulikuwa unaandikwa. Alhamisi mchana Jovina aliupeleka kwa Mauwa aujaribu, maana ualimu ulimwachia kanuni moja: somo halijaeleweka mpaka aelewe yule asiyelitaka. Mauwa alipewa kompyuta ya akiba na karatasi. Hatua ya kwanza alikwenda, ya pili akaenda, ya nne akaweka karatasi mezani na kupiga mwayo mrefu.

"Huyu mtumiaji ni nani?" aliuliza. "Umeandika eti mtumiaji husika aingize jina la mtumiaji. Sista, mie hapa nalala. Weka mtu. Mtu ana jina, kaja kazini, kafungiwa nje, anafanyaje? Huyo nitamfuata mpaka mwisho."

Ilikuwa haki yake. Jovina alirudi mezani kwake na kuanza upya, safari hii kwa kusimulia. Akatafuta jina la mtu wa mfano. Akaandika la shangazi yake, akalifuta. Akaandika Vaileth, akalifuta, kwa sababu Vaileth alikuwepo uhasibu na angejiona anasemwa. La tatu aliliandika, akalitazama, mkono ukakataa kulifuta.

Ijumaa saa tano alishuka na kurasa mbili. Chumba cha nyaya kilikuwa kimefagiliwa. Juu ya meza kulikuwa na boksi moja, na juu ya boksi ile chupa ya chai. Jovina alimkabidhi mzee kurasa kwa mikono miwili, akamwomba azisahihishe. Akaongeza kwamba kama kuna neno halipendi atalifuta sasa hivi, hakuna mwingine aliyeona.

Mzee Baqir alisogea kwenye mwanga na kusoma kwa sauti, kama alivyozoea kusoma kila kitu.

"Sukaina amefika kazini asubuhi. Git yake inagoma kutoka nje." Jovina alisikia mashine za ndoo zikifanya kazi upande wa pili wa ukuta. Mzee akaanza tena, sauti ikiwa chini. "Sukaina hana wasiwasi. Kwanza anatazama kama kompyuta yake ina maelezo ya zamani. Akiyakuta, anayafuta. Sasa anaandika ya kwake."

Chini ya maneno hayo ulikuwepo mstari wa mfano.

http://sukaina:neno-lake@bawabu:3128

Aliutazama kwa muda mrefu. Kwa miaka yote jina lile lilikaa nyuma ya nukta mbili, mahali pa kufichwa. Sasa lilikuwa mbele, mahali pa mtu anayejitambulisha mlangoni. Machozi yalimtoka Mzee Baqir na hakuyafuta. Alichofanya ni kupapasa mfukoni, akatoa kalamu.

Jovina alidhani atalikata. Lakini kalamu ilishuka mpaka hatua ya sita, penye sentensi isemayo kwamba Sukaina anaandika neno lake la siri taratibu, bila kukosea.

"Hakuwa hivyo," alisema mzee. Akaikata sentensi yote, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa kulala: Sukaina anaandika haraka haraka, anakosea, anacheka, anarudia.

"Mzee, anacheka? Kwenye mwongozo?"

"Alikuwa anacheka."

Basi likabaki. Akaendelea hadi mwisho wa ukurasa wa pili, ambapo Jovina alikuwa ameandika kiofisi kwamba ikishindikana, Sukaina awasiliane na kitengo cha mtandao. Hiyo nayo ikakatwa. Mzee akaandika maneno machache, akafunika kalamu, akamrudishia Jovina kurasa huku amegeukia boksi lake. Jovina alisoma akiwa ngazini. Ikishindikana, Sukaina amwite Baqir. Atakuja.

Saa sita kamili Hadi aliifunga akaunti yeye mwenyewe, watu wote wamesimama nyuma yake. Gibson akatuma kazi yake ya asubuhi. Ikapita. Mwenzake akatuma, ikapita. Wote kumi na mmoja walipita, kila mmoja kwa jina lake. Mauwa, kwenye kompyuta ya akiba, alimfuata Sukaina hatua kwa hatua na kidole juu ya karatasi. Kwenye hatua ya sita alikosea, akacheka, akarudia. Akapita naye.

Hakuna aliyeita mtu. Mzee Baqir alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkono mmoja kwenye reli, boksi kwapani, akisikiliza. Jovina alimwona kutoka juu. Ndicho alichotumwa kukifanya, na kilikuwa kimefanyika vizuri, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Hadi aliichukua karatasi kutoka kwa Mauwa, aisome kabla ya kuiidhinisha. Alisoma akiwa amesimama. Kwenye mstari wa mfano alirudi akausoma tena. Kwenye hatua ya sita alitabasamu, maana yule mama alikuwa amemlisha yeye pia, utotoni, kila Jumapili. Alipofika mwisho wa ukurasa wa pili alitoa kalamu, na Jovina akajua kinachofuata. Agizo lilikuwa lake: bila kumwita mtu.

"Hii haijakamilika," alisema Hadi.

Akainama juu ya meza ya Mauwa. Baada ya neno la mwisho aliandika namba ya simu ya Ami Baqir, tarakimu zote kumi, bila kuitazama popote. Halafu akampa Jovina akaichape, akashuka ngazi kumpokea mzee boksi.